Kufunga mzigo wa treni ya Kigoma

Mimi ni mtu wa Ujiji niliyeolewa Dar es Salaam, na biashara yangu iko njiani. Kutoka kwetu nashuka na dagaa, migebuka na mawese. Kurudi napanda na khanga, vyombo vya plastiki na maagizo ya ndugu ambao kila mmoja anadhani agizo lake ni dogo. Basi linawahi kufika, sibishi. Ila mwenye mizigo akishapiga hesabu ya nauli na ya kupakia, mara nyingi hujikuta stesheni. Haya ninayoandika ni ya treni ya zamani ya Reli ya Kati, ile ya upana wa mita moja ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. SGR, ile reli mpya ya treni ya umeme, nitaigusa kidogo baadaye, maana mambo yake ni mengine.

Msafiri mgeni hufunga mzigo kwa ukubwa: vizito chini, vyepesi juu, zipu ikifunga basi. Kwa safari ya kilomita 1,250 na ushee, ambayo unalala njiani, mimi napanga kwa saa. Kitu nitakachokitaka saa moja jioni hakikai mfuko mmoja na kitu nitakachokitaka Kigoma. Usipopanga hivyo utajikuta unafungua begi kubwa gizani, watu watano wamelala, unatafuta mswaki chini ya sufuria za shangazi yako.

Natandika mkeka, namwaga kila kitu, nagawa mafungu matatu: la mkononi, la chini ya kitanda, na la behewa la mizigo.

La mkononi

Hapa kuna viwili. Kwanza kibegi kidogo cha kuvaa begani, ambacho hakinitoki hata nikienda chooni: tiketi, kitambulisho, simu, dawa, funguo na pesa. Pesa nazigawa. Noti za elfu moja na elfu mbili zinakaa mfuko wa mbele kwa ajili ya kununua dirishani, kubwa zinalala ndani ya nguo. Muuza mahindi hana chenji na treni haimsubiri, na ukitoa noti ya elfu kumi mbele ya watu wote umeshajitangaza.

Pili ni kikapu. Cha ukindu ni kizuri kwa sababu kinasimama wima na hakivunji mayai. Ndani yake chupa ya chai, kikombe cha plastiki, maji, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, mayai ya kuchemsha, kisu kidogo, tochi, karatasi ya chooni, kipande cha sabuni, ndala na kopo. Kopo usiliache. Maji ya bomba la behewa hayana ahadi. Juu kabisa naweka sweta na khanga mbili. Watu wa Dar hawaamini mpaka wafike Manyoni na Itigi usiku wa Juni au Julai. Ni uwanda wa juu ule, baridi inaingia hadi kwenye mifupa na dirisha bovu halifungi. Khanga moja najifunika, ya pili ni pazia, ni taulo, ni shuka, na asubuhi ni furushi la vitu nilivyonunua njiani.

Behewa la chakula lipo na wali wake si mbaya, lakini usiku ukiwa mrefu na foleni ikiwa ndefu, chapati zako ndizo zitakazokutunza.

La chini ya kitanda

Daraja la pili kulala chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na mizigo ya watu sita inagombea nafasi ya chini na ile keria ya juu. Kwa hiyo chagua begi laini. Begi la ganda gumu la magurudumu ni la uwanja wa ndege: halibonyei, haliingii penye nafasi ya kombo, na yale magurudumu utayabeba mwenyewe, kwa sababu stesheni nyingi za njiani ni kokoto tupu. Treni ikiwa ndefu, mabehewa ya mwisho yanasimama nje ya jukwaa kabisa, na ngazi ya kwanza iko usawa wa kiuno.

Kipimo changu ni hiki: kama siwezi kuunyanyua mzigo mwenyewe hadi begani, hauingii chumbani. Naugawa mara mbili au naupeleka kwenye mizani. Safari moja aliingia kijana wa chuo na begi kubwa kama jeneza, akaliweka katikati ya njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyu mwenzio analala kitanda kipi?"

Chumba kizima kilicheka, naye akacheka. Tulilifungua pale pale, nusu ya vitu ikaingia kwenye mfuko wangu wa akiba, nusu ikabaki begini, na vyote vikaingia chini.

Mfuko wa akiba ni shangazi kaja mmoja mtupu, ule mfuko mkubwa wa miraba wenye zipu, umekunjwa ukawa kama kitabu. Nauweka pembeni ya begi kila safari. Rambo, vile vifuko vya plastiki, zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo hutapata kifuko cha haraka dirishani. Lazima uje na chako.

Jambo moja kwa wanandoa. Chumbani wanawake hukaa na wanawake, wanaume na wanaume, isipokuwa familia imelipia chumba kizima. Nimeona bibi ana ufunguo, bwana ana begi, na baina yao kuna mabehewa mawili na korido iliyojaa watu. Nimeona pia mtoto analia njaa kwa mama huku chupa ya uji iko kwa baba. Kabla ya kutoka nyumbani gawaneni: kila mmoja awe na tiketi yake, maji yake, chakula chake na ufunguo wa begi lililo naye. Vitu vya mtoto vyote vinakwenda kwa mwenye mtoto.

Kufunga kwenyewe

Treni ya zamani inayumba, na zaidi ya kuyumba inashtuka. Ikiondoka, kichwa kinavuta behewa la kwanza, la kwanza linavuta la pili, na kishindo kinatembea hadi mkiani, ikisimama, kinarudi. Chochote cha kioo kilichoachwa na mwanya kitavunjika kwenye kishindo, hata kama kilistahimili kuyumba. Glasi na sahani nazivalisha nguo moja moja, nazisimamisha kwa ubavu badala ya kuzilaza, na najaza kila pengo kwa soksi, nguo za watoto, hata unga uliofungwa vizuri. Ukitikisa boksi na ukasikia kitu kinaongea ndani, lifungue upya.

Shangazi kaja usiuamini kwa zipu yake. Zipu ndiyo inayokwenda kwanza, halafu mishikio. Pitisha kamba ya manila chini ya tumbo la mfuko, msalaba, fundo juu, uache kitanzi cha kushikia. Kiroba nakishona mdomo kwa shazia na uzi wa katani, mshono wa kurudi nyuma, ncha nazifunga mafundo. Mshono una faida nyingine: ukikatwa utaona. Fundo la kamba mtu anaweza kulifungua, akachota kilo mbili, akalifunga tena.

Alama weka tatu. Ya kwanza nje, kwa maka peni: jina, namba ya simu, na stesheni ya kushukia kwa herufi kubwa, KIGOMA, isiwe "KGM" unayoielewa wewe peke yako. Ya pili ndani, kwenye kipande cha boksi, kwa sababu ya nje hufutika kwa jasho la mabega na mvua. Ya tatu ni ukanda wa khanga wa rangi moja uliofungwa kwenye kila mzigo. Viroba vya salfeti vyote ni vyeupe na shangazi kaja zote ni za miraba. Ukanda wangu wa njano nauona nikiwa mlangoni.

Sasa mawese, ambayo ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko vyote. Dumu lijazwe hadi vidole vitatu chini ya mdomo, lisifike juu. Mawese yanaganda kwa baridi ya usiku na yanayeyuka jua likipiga bati la behewa mchana, na yakiyeyuka yanatanuka. Dumu lililojaa pomoni litavimba na kutema. Futa nyuzi za mdomo zikauke kabisa. Chukua sabuni ya mche, iloweshe kidogo, isugue kwenye nyuzi mpaka zijae. Juu ya mdomo weka kipande cha pakiti ya chumvi, mara mbili, kisha kaza mfuniko, na pembeni yake zungushia sabuni tena kwa kidole. Ligeuze dumu kichwa chini juu ya gazeti, liache usiku mzima. Gazeti likiwa safi asubuhi, dumu liko tayari. Kisha livalishe kiroba, lishone, na uchore mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Sabuni hii haigeuki ikikutana na mafuta, na ukifika inatoka kwa maji.

Dagaa ni kinyume chake: wanataka hewa. Waliokauka vizuri wanalia kama karatasi ukiwakamata, na hao ukiwafungia ndani ya nailoni watatoka jasho, na kufika Dar wana ukungu. Natumia boksi gumu lililotandikwa karatasi za kaki, lenye matundu madogo ubavuni, au kiroba cha salfeti kinachopumua. Boksi la dagaa ni jepesi, kwa hiyo kila mtu atataka kuweka kitu juu yake. Andika USIWEKE KITU JUU, halafu wewe mwenyewe lipakie mwisho. Na tafadhali, dagaa na migebuka visiingie chumbani. Harufu hiyo kwetu ni nyumbani, lakini kuna binti wa watu kitanda cha juu aliyetoka Dodoma, hana kosa lolote.

Mtungi wa gesi na petroli usivilete kabisa, si chumbani wala kwenye mizigo.

Mizani na behewa la mizigo

Mzigo unaoruhusiwa chumbani bila malipo unategemea daraja la tiketi yako, kwa hiyo uliza siku ile ile unapokata tiketi, siyo siku ya safari huku treni inapiga honi. Kinachozidi kinapimwa, kinalipiwa na kuingia behewa la mizigo. Wahi. Ukiwa wa mwanzo kwenye mizani unachagua mzigo wako ukae wapi. Ukiwa wa mwisho unakaa unapoangukia.

Kwenye stakabadhi hakikisha imeandikwa idadi ya vipande pamoja na kilo. Karani akiandika "kilo 120" tu, mwambie kwa upole, "Kaka, niandikie na vipande, viko vitano." Kilo hazidaiwi Kigoma, vipande vinadaiwa. Mimi huvipiga picha kwa simu vikiwa vimepangwa mbele ya mizani, ukanda wa njano ukionekana, na picha hiyo imeshamaliza ubishi zaidi ya mara moja.

Na hapa kuna jambo ambalo mgeni haambiwi. Treni inayobeba abiria wa Mwanza na wa Kigoma hugawanywa Tabora. Mabehewa yanatenganishwa: mengine yanaelekea kaskazini kupitia Isaka na Shinyanga, mengine magharibi kupitia Urambo na Kaliua, na Kaliua ndiko tawi la Mpanda linakochepuka. Usimpe mtu wa behewa jingine akuwekee mzigo "mpaka asubuhi" kabla hujamuuliza anashukia wapi. Rafiki wa korido akiwa wa Mwanza, kiroba chako kitaamka Shinyanga. Vivyo hivyo, usiache begi kwenye chumba cha jamaa na wewe ukashuka kunyoosha miguu pale Tabora. Treni inasogezwa mbele na nyuma, na behewa uliloliacha njia hii utalikuta njia ile.

Kupakia

Wachukuzi wapo, na wengi wao ni watu wa kazi. Patana kabla mzigo haujagusa kichwa, na patana kwa kazi nzima: kutoka kwenye gari hadi chini ya kitanda. "Bi mkubwa, tutaelewana tu" ni sentensi ya hatari. Jibu lake ni, "Tuelewane sasa hivi, baba, tukifika ndani tusiangaliane."

Dirisha ni mlango wa pili, lakini lina taratibu. Mtu wako atangulie ndani, afike chumbani, atoe kichwa umwone uso wake. Hapo ndipo unampa mzigo. Usiingize begi dirishani kwa sababu kuna mkono uliojitokeza kulipokea. Kama uko peke yako, ingia kwanza na kibegi na kikapu, kalia kitanda chako, salimia wenzako, umwombe mama mmoja akushikie nafasi, ndipo urudi kwa la pili. Salamu ile ina kazi yake: watakaokuangalizia mzigo usiku ni hao hao.

Usiku

Begi la chini ya kitanda lielekeze mishikio ukutani na upitishe kamba au mnyororo mdogo wenye kufuli kwenye mguu wa kitanda. Kufuli lenyewe ni dogo, mtu mwenye nia atalivunja, lakini wezi wa treni wanataka kitu cha kunyakua treni ikianza kuondoka, na kitu kilichofungwa hakinyakuliki.

Dirisha ndilo la kuangalia zaidi. Kwenye vyumba vya kulala huwa kuna kipande cha mbao cha kukabia kioo kisishushwe kutoka nje. Kikague mapema, kukiwa na mwanga. Kama hakipo, muulize mhudumu wa behewa, na kama naye hana, mimi natembea na changu: ubao wa unene wa vidole viwili, nimeukata kwa ukubwa zaidi kidogo ili niuchonge kwa kisu pale pale mpaka ukae. Simu isichajiwe karibu na dirisha. Viatu visiachwe mlangoni. Kila treni inaposimama usiku, hata porini, mtu mmoja wa chumba awe macho. Tunapeana zamu, na anayelala kitanda cha chini ndiye hupewa zamu nyingi, masikini.

Masika

Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinapita bonde la mto Mkondoa, na mto huo hauna adabu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa njia kiasi kwamba treni za abiria zilisimama kwa miezi, na hata zilipoanza tena zikawa zinaanzia Dodoma. Tangu hapo imekuwa ikisumbua mvua zikiwa kubwa. Maana yake kwa mwenye mzigo ni kwamba unaweza kuteremshwa katikati ya safari na kupandishwa basi, wewe na kila ulichonacho. Kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Mei sifungi kipande chochote kinachozidi kilo 25, hata kama mizani inaniruhusu zaidi, na chakula cha mkononi nakiongeza kwa siku moja. Nguo nazifunga ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji kabla hazijaingia begini.

Kununua njiani

Ukitoka Kigoma, Uvinza kuna chumvi; itenge na nguo na dawa, inavuta unyevu na inalowanisha majirani zake. Tabora ni asali. Igeuze chupa kichwa chini mbele ya muuzaji, uone kama mfuniko unavuja na kama chini kumetulia sukari. Ukiridhika, isimamishe kwenye kikapu, ifute nje kwa kitambaa chenye maji, la sivyo sisimizi watakupata kabla ya Manyoni. Dodoma, msimu ukiwapo, ni zabibu: zinakaa juu ya kila kitu, kwenye boksi wazi, na hazingojei siku ya pili.

Ukiingia SGR

Wapo wanaoshuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme, ambayo abiria walianza kuipanda hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai 2024. Mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa, na Dodoma hadi Dar ni chini ya saa nne. Haishtuki wala haiyumbi, vyombo vyako vitapumzika. Lakini mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, milango inafungwa kwa wakati, na hakuna cha kupitisha dirishani. Fika mapema ukiwa na kitambulisho kile kile ulichokatia tiketi. Kisu cha kikapuni kiweke mbali mapema, usibishane nacho mlangoni. Hapo ndipo begi la magurudumu linapopata kazi, maana sakafu ni laini na kuna ngazi za umeme. Viroba na madumu usijaribu. Mwenye shehena abaki kwenye treni ya zamani mpaka Dar, au ashushe begi tu na mizigo iendelee peke yake, stakabadhi akiwa nayo mkononi na mtu wa kuipokea akiwa ameshajulishwa.

Kushuka

Stesheni moja kabla ya mwisho, kunja khanga, rudisha vitu vya kikapu, fungua mnyororo, vuta begi lije mbele. Usikimbilie mlango, aliyekimbia atasubiri kwenye behewa la mizigo kama wewe. Pale mbele ya behewa hesabu vipande kabla ya kusaini popote, angalia mishono, nusa madumu. Kama mshono umekatwa au kipande kimepungua, kaa hapo hapo na umwite karani aandike, kwa sababu ukishatoka getini umeshapokea. Kisha tafuta bajaji au guta, patana nayo ikiwa tupu, na mchukuzi mlipe akishapakia kipande cha mwisho.